Unga wa maganda ya machungwa unaouzwa pale mwaloni: ni dawa ya mishipa midogo au tunauziwa jina?

mama_wa_vichanja

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni. Wiki hii mwezi umejaa, mbalamwezi tupu, boti za dagaa hazishuki ziwani. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kuandika jambo linalonikereketa.

Mimi ni muuza dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, huu mwaka wa kumi na tisa. Saa kumi alfajiri niko pale, na nikikaa chini ujue nahesabu hela. Nina miaka 54. Mwaka jana niliambiwa nina presha nikaanzishiwa vidonge, nikawa navimeza bila kukosa.

Sasa miguu. Nyuma ya magoti na kwenye vifundo vimenitoka vimishipa vyembamba vya rangi ya zambarau, vimesukana kama kipande cha wavu wa dagaa. Jioni vifundo vinajaa, kamba ya kandambili inaacha mfereji ambao hata nikilala hautoki upesi. Tena kuna kitu kinanitisha zaidi ya hivyo: nikijigonga kidogo tu kwenye ukingo wa ndoo, damu inavilia. Doa linaanza jekundu, linakuwa bluu, linaishia rangi ya manjano mbovu, wiki mbili bado lipo. Mkono wangu wa kushoto hivi sasa una madoa matano, wifi yangu kaniuliza kama kuna ugomvi nyumbani.

Siku chache zilizopita akapita kijana nadhifu, shati jeupe, kipaza sauti begani. Akanitazama miguu akasema, "Mayu, mishipa yako midogo imekosa flavonoidi." Nikamwambia rudia. Akarudia vizuri tu, kama mtu aliyesoma. Kopo moja 25,000, kijiko asubuhi na jioni, na vidonge vya presha niviweke pembeni wiki mbili "mwili upokee". Nikanunua, nisifiche.

Nimefungua kopo. Unga wa kahawia wenye ukijani, mchungu kama mwarobaini, na harufu yake naijua kabisa: ni maganda ya machungwa, yale yale yanayorundikana pale boti za Nansio zinaposhusha mizigo. Leo siku ya nne sijameza vidonge na kisogo kimeanza kunigonga.

Naomba kujua: hilo neno ni la kweli au kalitunga njiani? Na kama ni la kweli, maganda yanasaidia hii mishipa? Nawasilisha.

Kijana_wa_Igogo

25,000 kwa maganda? Mama yangu, mimi nauza machungwa ya kumenya stendi, maganda natupa ndoo mbili kila siku. Kesho nikuletee kiroba, nitakufanyia elfu tano na nauli ya bajaji juu yangu 😂

Bwana_Chungwa

Kijana acha utani, mama wa watu anaumwa.

Mimi ni mkulima wa machungwa Ukerewe, na hilo jambo la ganda nina neno nalo. Machungwa yetu mnayajua, yameiva ndani na nje bado kijani, joto la kwetu haliyaachi yageuke rangi. Sasa tazameni muuzaji anavyomenya. Kisu chembamba, anazungusha, anaondoa ile ngozi ya kijani tu, anabakiza ule weupe laini, anakata kofia, mteja anafyonza maji na kutupa kilichobaki. Bibi yangu alikuwa hatupi. Alitulazimisha tutafune na ule weupe, mwenye kulia akaongezewa chumvi kidogo. Miaka yote niliona ni ubahili wa kizee. Kumbe kuna bwana shamba alikuja kutufundisha akasema kitu kinaitwa hesperidini kimejaa hapo kwenye weupe kuliko kwenye maji yake. Sikumbuki zaidi, wataalamu watasema.

Ila mayu, mimi ganda la nje la jalalani silili. Kuna wenzangu wanapulizia dawa mpaka karibu na kuchuma, na nimeona kwa macho watu wakianika maganda pembeni ya lami, magari yakipita na vumbi lake. Hata kama dawa imo, na hayo mengine yamo.

mfamasia_mkolani

Mayu, shikamoo. Kabla ya yote: rudia vidonge vyako vya presha leo, kipimo kile kile, usiongeze kufidia siku ulizoruka. Kesho asubuhi kapime. Mengine yanaweza kusubiri, hilo halisubiri.

Flavonoidi ni neno la kweli. Ni jamii kubwa ya kemikali ambazo mimea hujitengenezea, zinajulikana zaidi ya 5,000. Weusi wa zambarau, wekundu wa choya, ukakasi wa chai ya rangi, uchungu wa ganda la balungi: humo mote zimo. Huyo kijana hakutunga jina. Tatizo ni vile alivyolitumia.

Habari ya flavonoidi na mishipa midogo ni ya zamani. Mwaka 1936 huko Hungaria, Albert Szent-Györgyi na mwenzake István Rusznyák walikuwa na wagonjwa wanaovuja damu chini ya ngozi. Szent-Györgyi ndiye yule aliyeitenga vitamini C, mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Nobel. Vitamini C iliyosafishwa ikawa haiwasaidii, lakini dondoo isiyosafishwa ya limau na pilipili hoho ikawasaidia. Wakasema basi humo mna kitu kingine. Wakakiita vitamini P, P ya upenyezaji, yaani ukuta wa mshipa unavyoruhusu vitu kupenya, na kwa bahati herufi hiyo hata kwa Kiswahili inakaa. Zama hizo daktari alipima udhaifu wa mishipa hiyo kwa mkanda wa presha tu: anaubana mkononi dakika 5, anafungua, anahesabu vidoa vyekundu vilivyotokeza.

Lakini vitamini lazima ukiikosa uugue, na hilo halikuthibitika kwa vitu hivi. Mwaka 1950 jina la vitamini P likaachwa. Kwa hiyo ukiambiwa "umekosa flavonoidi" kana kwamba kuna kipimo chake, hapo umedanganywa. Hakuna ugonjwa unaoitwa hivyo.

Mishipa yenyewe ni hivi. Ile midogo kabisa, kapilari, ina upana wa mikromita 5 hadi 10 (mikromita elfu moja ndiyo milimita moja). Chembe nyekundu ya damu ina kama 7 au 8. Kwa hiyo chembe hupita moja moja, nyingine zikijikunja, mfano wa abiria kwenye ngazi ya kivuko cha Kamanga siku ya watu wengi. Ukuta wake ni safu moja tu ya seli. Safu hiyo hutoa gesi, oksidi ya naitriki, inayoiambia mishipa iliyotangulia ilegee, damu ipite. Flavonoidi nyingine, hasa za kakao na chai, zimeonekana kuisaidia kazi hiyo. Msaada huo upo, ila ni mdogo. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 21,000 waliopewa flavanoli, yaani hizo flavonoidi za kakao, 500 mg kwa siku au kidonge kisicho na kitu, majibu yakatoka 2022: jumla ya matukio ya moyo na kiharusi haikushuka kwa kiasi cha kutegemewa. Vifo vya magonjwa hayo vilipungua, lakini hilo halikuwa swali kuu la utafiti.

Sasa ganda lako. Hesperidini ya chungwa, nayo ni flavonoidi, ni dawa kweli, inauzwa famasi. Kidonge kina diosmini 450 mg na hesperidini 50 mg, tunawapa wenye bawasiri na wenye miguu mizito. Diosmini yenyewe mara nyingi hutengenezwa kutoka hesperidini ya machungwa. Lakini hesperidini haitaki maji, ukiikoroga inakaa chini kama mchanga. Kwa hiyo kiwandani huisaga mpaka punje zipungue mikromita 2 ndipo utumbo uambulie kitu. Kopo lako limesagwa mashine ya mahindi. Sehemu kubwa itateremka mpaka utumbo mpana, bakteria ndio wataikata sukari yake na kukugawia kidogo. Na hata hicho kidonge cha kiwandani hupunguza uvimbe na uzito wa miguu kwa kiasi, hakifuti vimishipa vilivyokwisha kutokeza. Anayekuambia vitafutika anataka hela.

Naomba unijibu mambo mawili. Kidonge chako cha presha kinaitwaje na ni miligramu ngapi? Na unameza nini kingine chochote, hata kile unachokiona si dawa?

mama_wa_vichanja

Marahaba mwanangu. Nimemeza tayari.

Kidonge kimeandikwa amlodipini 10. Nilianza na 5, mwezi wa tatu wakaniongeza. Kingine sinywi. Labda zile za mgongo. Kubeba magunia si mchezo, kila usiku nameza diklofenaki mbili nalala. Mwaka mzima sasa. Pale mwaloni wote tunameza, zinauzwa na anayeuza vocha.

mfamasia_mkolani

Mayu, hapo umenipa jibu lote bila kujua. Nilidhani tutaongea machungwa.

Tuanze na vifundo. Amlodipini hulegeza vile vimishipa vinavyoingiza damu kwenye kapilari. Vile vya kuitoa haivilegezi vivyo hivyo. Fikiria sebule ambayo mlango wa mbele umeachwa wazi na wa uani umeegeshwa: watu wanajaa ndani. Damu inasukuma ukuta wa kapilari, maji yanapenya nje, na kwa kuwa umesimama tangu saa kumi alfajiri yanashuka vifundoni. Ni jambo la kawaida kwa dawa hiyo, huwapata zaidi wanaotumia 10 kuliko 5, na wanawake kuliko wanaume. Uvimbe wako ulianza lini? Nitashangaa ukiniambia ulikuwepo kabla ya mwezi wa tatu.

Hiyo haimaanishi uiache. Ina maana umrudie aliyekuandikia umwambie. Anaweza kushusha kipimo na kuongeza dawa ya kundi jingine, kama losartani, ambayo hufungua na ule mlango wa uani. Uamuzi ni wake akishakupima.

Madoa sasa. Damu ikivuja, pletileti, yaani chembe za kugandisha damu, hukimbilia tundu zikashikana. Diklofenaki huzilegeza zisishikane vizuri. Kila ukijigonga, kapilari inapasuka kama ya mtu yeyote, ila kwako inachelewa kuzibwa. Tena dawa hiyo hiyo huzuia chumvi na maji mwilini, na hupandisha presha. Kwa hiyo inawezekana kabisa presha ilikataa kushuka kwa sababu ya diklofenaki, ukaongezewa amlodipini, miguu ikavimba, ukauziwa maganda. Sijakuona, sisemi ndivyo ilivyo. Nasema mpelekee daktari habari yote, na hiyo ya mgongo usiifiche. Kwa maumivu ya kawaida uliza kuhusu parasetamoli.

Na zile "dawa za asili za mgongo" za vikaratasi usizijaribu kama mbadala. Baadhi ya unga wa namna hiyo umewahi kukutwa umechanganywa na steroidi, na steroidi ukizizoea ngozi inakuwa karatasi, madoa yanazidi.

Kuhusu chakula, kula bila hofu. Kitunguu chekundu kina kwasetini nyingi, nayo ni flavonoidi, hasa matabaka ya nje, basi ukimenya usitupe tabaka mbili zenye nyama pamoja na ganda kavu. Ukikichemsha nyingine hutoka ikaingia kwenye mchuzi, na mchuzi unaunywa, hakuna hasara. Choya isiyo na sukari nyingi ni nzuri: kuna jaribio dogo la watu 65, lilitoka 2010, vikombe 3 kwa siku wiki 6, ile namba ya juu ya presha ikashuka kama pointi 7. Ule weupe wa Bwana Chungwa tafuna tu, bibi yake hakuwa bahili.

Isipokuwa balungi. Wewe na amlodipini huna shida kubwa nalo, lakini wanaosoma hapa wanaotumia nifedipini, felodipini au simvastatini wasiguse juisi yake. Linazima kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa, dawa inaingia nyingi kuliko ulivyomeza, na kuzimika huko kunaweza kupita siku nzima. Aliyegundua jambo hili ni David Bailey huko Kanada, 1989, akiwa anatafuta jambo jingine kabisa: alitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio lake. Mwanzo walishuku flavonoidi yake, naringini. Baadaye ikaonekana wakosaji wakubwa ni furanokumarini, kemikali nyingine za balungi hilo hilo.

Bwana_Chungwa

Kumbe bibi alikuwa mbele ya wakati. Mabalungi ninayo miti sita, sasa nitakuwa namuuliza mteja anameza nini kabla sijampa.

Nesi_mstaafu

Mwanangu wa dagaa, mfamasia kaeleza vizuri ila ni mtu wa vidonge, miguu yenyewe kaisahau.

Shavu la mguu ndilo pampu ya kurudisha damu juu. Ukisimama wima kama nguzo pampu imezimwa. Ukiwa unachambua dagaa kichanjani inuka kwa vidole, shuka, inuka, mara ishirini, kila ukikumbuka. Watakucheka siku ya kwanza. Mchana ukipata robo saa lala, miguu iweke juu ya gunia, ipite usawa wa moyo. Kuiweka kwenye kigoda kifupi ni kujidanganya. Kuna soksi za kubana, huvaliwa asubuhi kabla hujatoka kitandani maana ukisimama uvimbe umeshaingia. Ila kwanza wakupime mapigo ya miguuni, maana mwenye ateri (mishipa ya kupeleka damu miguuni) zilizoziba soksi hizo zitamuumiza.

Na haya ukiyaona usiandike humu, nenda: mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, pumzi kubana, fizi au pua kutoa damu yenyewe, au vidoa vidogo vyekundu vingi. Chukua glasi safi, kandamiza juu ya kidoa. Kikififia chini ya glasi ni wekundu wa ngozi tu. Kikibaki pale pale, ni damu iliyotoka nje ya mshipa.

Kijana_wa_Igogo

Naomba niache utani kidogo. Bi mkubwa wangu yuko Magu, ana kisukari mwaka wa kumi na moja. Wiki hii anasema anaona kama nyuzi nyeusi zinaelea kwenye jicho moja. Choya na vitunguu vitamsaidia? Maana nimesikia macho nayo ni mishipa midogo.

Nesi_mstaafu

Ni mishipa midogo, ndiyo, na hiyo haingoji choya. Kisukari cha muda mrefu huweza kuotesha nyuma ya jicho vimishipa vipya dhaifu, vikapasuka, na damu yake ndiyo hizo nyuzi. Mlete mjini kesho kwenye kliniki ya macho. Watamtia dawa ya kupanua mboni waangalie ndani, kwa hiyo asije peke yake, akitoka atakuwa haoni vizuri kwa saa kadhaa. Mwenye kisukari hupimwa hivyo kila mwaka hata kama haoni shida. Amewahi?

Kijana_wa_Igogo

Hajawahi hata mara moja. Nampigia sasa hivi.

mama_wa_vichanja

Wakuu nimerudi, siku kumi na mbili zimepita.

Kituo cha afya walinipima ikawa 172 kwa 104. Tabibu alinigombeza nusu saa, haki yake. Nilimwambia yote, la kopo na la diklofenaki, na la kwamba uvimbe ulianza mwezi wa nne, mfamasia hukukosea. Kanirudisha amlodipini 5, kaniongezea losartani, kanitoa damu kuangalia figo, diklofenaki marufuku. Usiku tatu za kwanza mgongo ulinililia kama mtoto. Sasa gunia nabeba nusu, nusu nyingine namlipa kijana shilingi mia tano.

Jana ilikuwa 144 kwa 88. Mfereji wa kandambili upo ila hauna kina kile. Vimishipa vya zambarau viko pale pale, nimeshakubali. Doa jipya ni moja tu, na hilo nilijigonga sawasawa kwenye nanga.

Yule kijana wa shati jeupe alipita tena juzi. Akaniuliza kama unga umekwisha aniongezee. Nikamwambia unga nilimwaga, kopo nimetilia chumvi. Alicheka, akanunua sado ya dagaa, na kwenye bei akaomba nimpunguzie. Sikumpunguzia.

Kijana wa Igogo tupe habari za mama. Giza limerudi, boti zinashuka usiku huu, nitasoma kesho tukishamaliza kuanika.